SOMO LA USHIRIKA: SARAFU ZA MTANDAO KWA MWANACHAMA ANAYEANZA



Kwa muda sasa, katika mikutano ya vyama vya msingi na hata kwenye foleni ya mizani, limekuwa likiulizwa swali hili: je, mwanachama afanyeje ili aanze kununua na kuuza sarafu za mtandao, kama vile Bitcoin, ambazo vijana wetu wanazifanyia biashara kwa simu? Swali la pili hufuata kwa sauti ya chini zaidi, na aghalabu huulizwa na viongozi: je, chama chaweza kuweka humo sehemu ya ziada yake? Somo hili litajibu yote mawili. La pili ni jepesi, nalo litajibiwa mwishoni. La kwanza lahitaji subira, kwa maana mtu anayetaka kuingia katika biashara yoyote hapana budi aijue bidhaa, alijue soko, azijue gharama, ndipo atie mkono mfukoni. Wengi niliozungumza nao walianzia mfukoni.

BIDHAA YENYEWE NI NINI?

Makatibu watalielewa jambo hili upesi kuliko watu wengine, kwa sababu Bitcoin si kitu kingine ila ni leja. Hakuna sarafu ya chuma, wala noti, wala kitu chochote kilichofichwa ndani ya simu ambacho mtu aweza kukionyesha na kusema "hii ndiyo Bitcoin yangu." Kuna daftari moja kubwa la hesabu, ambalo nakala zake kamili zimehifadhiwa katika maelfu ya kompyuta ulimwenguni, na ndani yake imeandikwa kwamba anwani fulani imepeleka kiasi fulani kwa anwani nyingine. Kumiliki Bitcoin maana yake ni kuwa na uwezo wa kuandika mstari unaofuata juu ya kiasi kilichoandikwa kwa anwani yako.

Daftari hilo lilibuniwa na mtu, au pengine kikundi cha watu, aliyejiita Satoshi Nakamoto, ambaye mpaka leo hakuna uthibitisho ni nani. Maelezo ya mpango wake yalitolewa tarehe 31 Oktoba 2008, na ukurasa wa kwanza wa daftari ukafunguliwa tarehe 3 Januari 2009. Tangu hapo ukurasa mpya huongezwa kila baada ya dakika kumi hivi. Kila ukurasa hubeba muhuri uliokokotolewa kutokana na ukurasa uliotangulia, hivyo mtu akibadili tarakimu moja katika ukurasa wa zamani, mihuri yote inayofuata haitalingana tena, na kompyuta nyingine zitaikataa nakala yake. Mtu yeyote aliyewahi kukagua leja iliyochanwa ukurasa na kubandikwa mwingine atatambua mara moja uzuri wa mpango huu. Kwa upande wa uandishi wa hesabu, nakiri ya kwamba ni kazi iliyofikiriwa vema.

Wanaoongeza kurasa huitwa wachimbaji, ijapokuwa hawashiki jembe wala sururu. Wao hushindana kwa kompyuta zenye nguvu, zinazokula umeme mwingi, na anayeshinda hupata ujira wa Bitcoin mpya. Mwaka 2009 ujira ulikuwa Bitcoin 50 kwa kila ukurasa. Hupunguzwa nusu kila baada ya miaka minne hivi, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Jumla ya Bitcoin zote haitazidi milioni 21. Kila moja hugawanyika katika vipande milioni 100, kwa hiyo mwenye shilingi elfu hamsini aweza kununua kipande. Nayasema haya kwa sababu nimesikia mwanachama akiambiwa na wakala kwamba ni lazima anunue "nzima" au ajiunge na kikundi chake cha kuchangia. Huo ni uongo.

Sasa tulinganishe na jambo tunalolijua. Mkulima akipeleka korosho ghalani hupewa stakabadhi. Karatasi ile ina thamani kwa sababu nyuma yake yapo magunia, yamepimwa, yana daraja, na ghala lina mwendesha ghala mwenye leseni wa kuulizwa. Nyuma ya Bitcoin hakuna magunia. Hakuna benki iliyoidhamini, wala haizai riba au gawio. Bei yake ni kile tu ambacho mtu mwingine yuko tayari kukitoa leo ili aipate. Silisemi hili kwa kuidharau, maana uchache wake ni wa kweli na watu wengi ulimwenguni wanaitaka. Lakini mnunuzi aelewe ya kwamba hana madai juu ya mtu yeyote. Hisa ya chama humpa mwanachama haki ya kuuliza katika Mkutano Mkuu. Bitcoin haina mkutano wa namna hiyo.

Mbali na Bitcoin, zipo sarafu nyingine maelfu kwa maelfu. Ethereum, iliyoanza mwaka 2015, ni mojawapo ya zinazojulikana sana. Nyingi ya zilizobaki hutungwa leo na kusahauliwa kesho, na anayeanza asizikaribie. Aina moja, hata hivyo, yafaa ielezwe, kwa sababu karibu kila anayeanza atapita humo: nazo ni sarafu zilizofungamanishwa na dola ya Marekani, kama USDT, ambazo hukusudiwa moja iwe sawa na dola moja. Watu huzitumia kama daraja kati ya shilingi na Bitcoin. Zisidhaniwe kuwa ni dola yenyewe. Mwezi Mei 2022 sarafu moja ya namna hiyo, iliyoitwa TerraUSD, ambayo haikuwa na akiba ya dola nyuma yake bali ilitegemezwa na sarafu dada iitwayo Luna, ilianguka kwa siku chache, na Luna iliyokuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 80 mwanzoni mwa mwezi ikawa haina thamani hata ya senti moja. Hata zile zenye akiba zaweza kutikisika: Machi 2023 sarafu ya USDC ilishuka chini ya senti 90 za dola kwa muda, kwa sababu sehemu ya akiba yake ilikuwa katika benki ya Marekani iliyofilisika, kisha ikarudi.

BEI NA MWENDO WAKE

Mkulima wa kahawa hahitaji kufundishwa kwamba bei hupanda na kushuka. Wazee wetu wanakumbuka jinsi baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975 ilivyopandisha bei hadi kilele cha mwaka 1977, na jinsi bei ilivyoporomoka baada ya mpango wa mgao wa kimataifa wa kahawa kuvunjika Julai 1989. Lakini hata bei ilipokuwa mbaya, watu waliendelea kunywa kahawa, na kiwanda kiliendelea kuihitaji. Sarafu za mtandao hazina mnywaji. Wanunuzi wakiogopa wote kwa siku moja, hakuna anayezihitaji kwa chakula cha jioni.

Tarehe 22 Mei 2010 mtu mmoja huko Florida, Marekani, alilipa Bitcoin 10,000 akapata piza mbili. Desemba 2017 Bitcoin moja ilikaribia dola 20,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa kama dola 3,200. Novemba 2021 ilifika dola 69,000, na Novemba 2022 ilikuwa chini ya dola 16,000. Machi 2024 ilipita dola 73,000, na Desemba mwaka huo ikapita 100,000 kwa mara ya kwanza. Anayekuja kukushawishi atakutajia piza na hiyo laki moja. Wewe tazama miaka ya katikati.

Tumchukue mwanachama aliyenunua kwa shilingi 1,000,000 Novemba 2021, bei ikiwa katika kilele. Mwaka mmoja baadaye, kwa hesabu ya dola, amebakiwa na kiasi cha shilingi 230,000. Ili arudishe fedha yake, bei haina budi kupanda zaidi ya mara nne. Kweli ilipanda, nayo ilirudi mahali pake Machi 2024, yaani baada ya miaka miwili na miezi minne. Mtu ambaye fedha ile haikuwa na kazi nyingine aliweza kungoja. Lakini kama ilikuwa ada ya shule ya Januari, au fedha ya salfa kwa korosho, au ya mbolea ya kupandia, asingeweza kungoja, na angeuza kwa 230,000. Hasara hapa yatokana na tarehe ya fedha yenyewe kama itokanavyo na bei. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "bei itapanda?" mwanachama ajiulize fedha hii inatakiwa lini. Ikiwa ina tarehe, isiingie huko.

JINSI YA KUNUNUA

Anayeanza hufungua akaunti katika soko la sarafu la mtandaoni. Masoko hayo ni kampuni, na kubwa kati yake ziko nje ya nchi. Soko la maana litadai kitambulisho na picha ya uso. Lisilodai chochote lishukiwe. Programu yake ipakuliwe mahali rasmi pa kupakulia programu za simu, kamwe isipakuliwe kutoka kiungo kilichotumwa katika kikundi cha WhatsApp au Telegram, kwa maana matapeli hutengeneza masoko bandia yanayofanana na ya kweli hadi rangi.

Hapa kwetu shilingi huingia zaidi kwa njia ya mtu kwa mtu. Muuzaji hutangaza bei yake. Mnunuzi akikubali, soko huzishikilia sarafu za muuzaji. Mnunuzi hutuma shilingi kwa simu au benki moja kwa moja kwa muuzaji, na huyo akithibitisha kuwa amepokea, soko huziachia sarafu kwa mnunuzi. Ni utaratibu mzuri ukifuatwa. Unaharibika pale muuzaji anapoachia sarafu kwa kuamini ujumbe mfupi wa simu badala ya kutazama salio lake, maana ujumbe wa bandia hutengenezwa kwa dakika moja. Unaharibika pia mmoja akimshawishi mwenzake wamalizane nje ya soko "ili kuokoa ada." Kadhalika jina la mtu aliyetuma fedha lilingane na jina lililo katika soko. Fedha ikitoka kwa mtu wa tatu, yaweza kuwa ni fedha ya wizi inayopitishwa kwenye laini yako, na siku mwenyewe atakapolalamika laini itakayofungwa ni yako.

Ukishapata sarafu ya dola, wanunua Bitcoin kwa agizo. Agizo la bei ya soko hununua papo hapo kwa bei iliyopo, na agizo la kikomo husema "nanunua, lakini si zaidi ya bei hii." Anayeanza atumie la kikomo. Litamfundisha utulivu, na halitamshtua bei inaporuka.

GHARAMA AMBAZO HAZITANGAZWI

Hapa ndipo wanaoanza wanapoumia bila kujua, na makatibu wanaombwa waipige hesabu hii mbele ya wanachama kwenye ubao.

Tuseme mwanachama ana shilingi 200,000. Wauzaji wanauza dola ya mtandao kwa shilingi 2,700, na wanunuzi wanainunua kwa 2,620. Tofauti hiyo ndiyo chakula cha wafanyabiashara wa katikati. Ada ya soko tuifanye asilimia 0.1 kila upande, ambayo ni ya kawaida katika masoko makubwa.

Shilingi 200,000 kwa bei ya 2,700 humpa dola 74.07. Akinunua Bitcoin, ada huchukua senti 7, zabaki dola 74.00. Tuseme bei ya Bitcoin haikusogea hata kidogo, naye akaamua kuuza. Ada huchukua tena senti 7, zabaki 73.93. Akizigeuza kuwa shilingi kwa 2,620 atapata shilingi 193,697 hivi. Zimepotea shilingi 6,300, na bado hatujahesabu makato ya kutuma na kutoa fedha kwa simu, wala ada ya kuhamisha sarafu kutoka sokoni kwenda kwenye pochi yake. Ili asipate hasara wala faida, Bitcoin ilipaswa kupanda kwa asilimia tatu na robo.

Sasa fikirini kijana anayeingia na kutoka kila wiki. Akifanya mzunguko huu mara kumi, bei ikiwa palepale, shilingi 200,000 zake zitakuwa kama 145,000. Hakuibiwa, wala hakudanganywa na mtu. Amelipa ushuru wa kuingia sokoni mara kumi. Mtu anayeuziwa "mafunzo ya biashara ya kila siku" aonyeshwe hesabu hii kwanza.

UFUNGUO WA HAZINA

Kila anwani katika daftari la Bitcoin ina ufunguo wake wa siri, ambao ni namba ndefu mno. Programu ya kuutunza huitwa pochi, na kwa urahisi wa binadamu hutoa maneno 12 au 24 yanayoweza kuurudisha ufunguo huo hata simu ikiharibika. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye mali, hata kama ni mwizi. Ukiyapoteza, hakuna ofisi ya kwenda kuapa kiapo cha kupotelewa. Yaandikwe kwa kalamu katika karatasi mbili, zihifadhiwe mahali pawili pakavu. Yasipigwe picha. Yasitumwe kwa yeyote. Mtu yeyote anayeyauliza, ajiite fundi, msaidizi wa soko au mkaguzi, huyo ni mwizi. Mkaguzi wa kweli hahitaji ufunguo wa kasha ili kuhesabu fedha. Humtaka mwenye kasha alifungue mbele yake.

Mwanachama akiiacha sarafu yake sokoni, ufunguo unakaa na soko, naye ana ahadi tu. Huu ni mfano wa mkulima anayeacha kahawa yake kwa mnunuzi binafsi na kupewa kikaratasi. Mwezi Februari 2014 soko la Mt. Gox la Tokyo, lililowahi kuwa kubwa kuliko yote, lilifilisika likitangaza kupotea kwa Bitcoin zipatazo 850,000, ambazo kama 200,000 zilipatikana baadaye. Waliolidai walianza kulipwa Julai 2024, yaani baada ya miaka kumi. Novemba 2022 soko la FTX nalo lilifilisika. Mahakama ya Marekani ilimkuta mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, na hatia ya udanganyifu, kwa kuwa fedha za wateja zilitumiwa na kampuni yake nyingine, na Machi 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Kosa hilo tunalijua vizuri katika ushirika, hata bila kompyuta: fedha za wanachama kuchanganywa na matumizi ya mtunzaji. Hata hivyo, kwa kiasi kidogo cha kujifunzia, soko lenye sifa laweza kuwa salama kuliko pochi mikononi mwa mtu anayebadili simu kila mwaka. Kila mmoja apime udhaifu wake.

Anapohamisha sarafu, mwanachama ahakikishe anwani na mtandao unaotumika, kwani USDT, kwa mfano, husafiri kwa mitandao zaidi ya mmoja, na iliyotumwa kwa mtandao usiopokewa yaweza kupotea. Atume kwanza kiasi kidogo, kifike, ndipo apeleke kilichobaki. Hapa hakuna kurudisha muamala uliokosewa kama tufanyavyo kwa kampuni ya simu.

BIASHARA YA MKOPO

Masoko mengi humpa mteja nafasi ya kufanya biashara kwa fedha asizonazo, mara kumi, hamsini, hata mara mia ya alizoweka. Kwa mkopo wa mara kumi, bei ikishuka asilimia kumi tu, amana yote imekwisha, na soko huifunga biashara hiyo lenyewe bila kumwuliza. Bitcoin hushuka kiasi hicho kwa siku moja mara nyingi tu. Anayeanza asiguse kitufe hicho. Sina la kuongeza hapo.

WANAOPITA MLANGO WA NYUMA

Hasara nyingi nilizosimuliwa hazikutoka katika Bitcoin hata kidogo. Zilitoka katika mambo yaliyovaa nguo zake. Kampuni ya OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova wa Bulgaria, iliuza "sarafu" duniani kote, pamoja na kwa jirani zetu wa Uganda, na kukusanya zaidi ya dola bilioni 4. Haikuwa na daftari la wazi kama tulilolieleza. Bei yake ilipangwa na wenyewe tu. Ignatova alitoweka Oktoba 2017, na mwenzake Karl Greenwood alihukumiwa Marekani mwaka 2023 kifungo cha miaka 20. Wakulima waliouza mbuzi wao kununua vifurushi hivyo hawakununua chochote.

Nasi Tanzania tunaikumbuka DECI, ambayo serikali iliisimamisha mwaka 2009, ambapo watu "walipanda mbegu" na kuahidiwa mavuno maradufu. Hapakuwa na sarafu ya mtandao wakati ule, lakini mashine ilikuwa ile ile: wa mwanzo hulipwa kwa fedha za wa mwisho. Kwa hiyo katibu akiulizwa na mwanachama kama mpango fulani ni wa kweli, aangalie kama kuna faida iliyoahidiwa kwa siku au kwa wiki, kama mtu hulipwa kwa kuleta wenzake, na kama anaweza kutoa fedha yake leo bila kulipa kwanza "ada ya kutolea." Bitcoin ya kweli haimwahidi mtu yeyote faida. Wapo pia wanaompigia simu aliyekwisha kuibiwa, wakidai wanaweza kumrudishia mali yake kwa malipo kidogo. Huyo huibiwa mara ya pili.

SHERIA INASEMAJE

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliutangazia umma kwamba shilingi ndiyo fedha halali ya nchi, na kwamba biashara na matumizi ya sarafu za mtandao vinakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo ya uhamishaji wa mali za kidijiti. Wapo wanaosema kuwa maadamu kuna kodi basi kuna ulinzi. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Amana ya benki inalindwa na Bodi ya Bima ya Amana kwa kiwango kilichowekwa, na sarafu zilizoko katika soko la ng'ambo hazimo humo. Jirani zetu wa Kenya walitoza asilimia 3 tangu Septemba 2023, wakaifuta mwaka 2025 na kuweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma, na mwaka huo huo wakatunga sheria ya kuwapa leseni watoa huduma hao. Mambo yanabadilika, hivyo katibu asome matangazo mapya kabla ya kumjibu mwanachama.

JE, CHAMA?

Jibu ni hapana. Fedha ya ziada ya chama ina wenyewe, na matumizi yake yamewekewa mipaka na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na masharti ya chama, wala sijapata kuona masharti ya chama yanayotaja sarafu hizi. Tuache sheria, tutazame daftari. Nikija kukagua, huomba barua ya benki inayothibitisha salio, na hutazama kama hundi zilitiwa saini mbili. Kwa sarafu zilizo katika simu ya katibu, barua itatoka wapi? Saini ya pili ni ya nani? Teknolojia yenyewe yaruhusu pochi inayofunguliwa kwa funguo mbili kati ya tatu, na ni jambo jema, lakini chama kinachoshindwa kufunga usuluhishi wa benki kila mwezi kisijidanganye kuwa kitatunza funguo tatu. Na bei ya kuandika katika mizania ni ipi, ya siku ya kununua au ya asubuhi ya Mkutano Mkuu?

Kamati za mikopo nazo zikae macho. Mkopo ulioombwa kwa pembejeo uonekane umenunua pembejeo: risiti ya duka iletwe, na afisa apite shambani. Mdhamini aliyetia saini kwa ajili ya mbolea hakukubali kudhamini bei ya Bitcoin, naye ndiye atakayekatwa.

Kwa mwanachama anayetumia fedha yake mwenyewe, chama hakina amri juu yake. Kinachoweza kumsaidia ni kumfundisha kuweka daftari dogo: tarehe, shilingi zilizotoka, bei ya dola siku hiyo, sarafu zilizopokelewa, kila ada, na mahali zilipo. Amwambie pia mwenzi wake mahali karatasi ya maneno ilipo, maana mali isiyo na cheti wala benki hurithiwa na aliye na maneno tu.

ZOEZI LA VIKUNDI

Mwanachama ana shilingi 300,000. Ananunua dola ya mtandao kwa shilingi 2,700, kisha Bitcoin kwa ada ya asilimia 0.1. Bitcoin inapanda asilimia 2, anauza kwa ada ile ile, na kugeuza kuwa shilingi kwa bei ya 2,640. Amepata faida au hasara, na ya shilingi ngapi, kabla ya makato ya simu? Kikundi kitakachopata faida kirudie hesabu. Majibu yapelekwe kwa afisa elimu wa Chama Kikuu pamoja na jina la chama cha msingi.